Chuno, Mtwara: Bei huitaja dalali, thamani huitaja mpangaji

Basi linalotoka Dar es Salaam alfajiri huingia Mtwara jua likiwa linaelekea kuzama, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 550. Abiria hushuka wakiwa na vumbi miguuni na njaa tumboni. Wapo wanaorudi nyumbani, wapo wafanyabiashara wa korosho, na wapo wale ambao mkoba wao hauachwi hata wanapokwenda kunawa. Hao wamekuja kuangalia nyumba.

Mara nyingi ni wazazi waliopata fedha ya mkupuo. Inaweza kuwa mafao ya kustaafu, mauzo ya korosho au akiba ya miaka mingi. Wazo la kwanza kwa wengi ni kununua nyumba ya kupangisha ili kodi isomeshe watoto. Wazo hilo si baya. Ubaya huanza pale bei anayoitaja muuzaji inapochukuliwa kuwa ndiyo thamani ya nyumba.

Chukua mfano wa mume na mke mmoja. Mume ni mwalimu aliyestaafu mwaka jana. Mke ni muuguzi, amebakiza miaka minne kazini. Mtoto wao wa mwisho yupo kidato cha pili. Mafao ya mume ukijumlisha na akiba ya mke ni Sh55 milioni. Ndugu yao aliyeko Mtwara amewaambia kuna nyumba inauzwa Chuno kwa Sh60 milioni, ina vyumba vinne vya uani vya kupangisha. Milioni tano zinazopungua, mke angekopa kwenye saccos ya kazini.

Wakikosea hapo, hakuna mafao mengine yanayokuja.

Mtaani Chuno

Chuno ni moja ya kata 18 za Manispaa ya Mtwara Mikindani. Asubuhi yake, bajaji inawaacha kwenye njia ya mchanga. Kuna nyumba zilizopakwa rangi na kuzungushiwa ukuta, na kuna nyumba za zamani zenye bati lililoshika kutu, maana upepo wa bahari wenye chumvi haulihurumii bati. Katikati yake kuna mapagale. Moja lina kuta mpaka kwenye linta, halina paa, na mpapai umeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule.

Dalali anawapokea kwa uchangamfu. "Karibuni sana. Mzee wangu, hapa mmepata. Nyumba ya mbele ni laki tatu kwa mwezi, vyumba vya uani ni elfu hamsini hamsini. Hiyo ni laki tano kila mwezi, milioni sita kwa mwaka. Mnaweka sitini, mnavuna sita. Na bei huku inapanda kila siku. Kuna gesi, kuna bandari, reli inakuja. Mkichelewa wiki mbili mtaikuta sabini."

Mume anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mke anatoa daftari dogo kwenye mkoba, anaandika namba zote, halafu anauliza choo cha wapangaji kiko wapi. Hana haja ya choo. Anataka kufika uani peke yake.

Mji uliozoea kusubiri

Maneno ya dalali kuhusu gesi, bandari na reli si uongo. Tatizo ni kwamba Mtwara imeyasikia maneno ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 75, na anayetaka kujua thamani ya nyumba mjini hapa anapaswa kujua yaliishaje.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na njia ya reli kuelekea bara. Mji ukachorwa kwa mategemeo ya kuchukua watu 200,000. Karanga hazikukubali, mradi ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Leo manispaa ina kata inayoitwa Reli, lakini hakuna treni. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta manispaa nzima ina watu karibu 147,000. Waliochora mji walikosea hesabu ya wapangaji, na miongo saba baadaye idadi yao bado haijatimia.

Kisha ikaja gesi. Ile ya Mnazi Bay, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Kuanzia mwaka 2010 kampuni za kigeni zikapata gesi nyingi zaidi kwenye bahari ya kina kirefu. Wataalamu wakaja, nyumba nzuri zikatafutwa, nyumba za wageni zikajengwa, na viwanja vikapanda bei. Mwaka 2013 vurugu zilitokea mjini kwa sababu wananchi hawakutaka gesi isafirishwe kwenda Dar es Salaam kabla ya wao kuona faida yake. Oktoba 2015 bomba la gesi lilizinduliwa. Wakati huohuo bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, ilikuwa imeanguka, na kampuni nyingi zikapunguza shughuli za utafutaji. Aliyejenga kwa kumtegemea mhandisi wa kulipa kwa dola alibaki na nyumba ya dola katika mji wa shilingi.

Mradi wa kuchakata gesi kimiminika Likong'o, Lindi, nao umezungumzwa kwa miaka mingi. Ng'ambo ya Ruvuma, mradi wa gesi wa Afungi nchini Msumbiji ulisimama mwaka 2021 baada ya mji wa Palma kushambuliwa. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ipo kwenye mipango. Yote hayo yanaweza kuja siku moja, lakini hakuna mpangaji anayelipa kodi kwa kutumia mpango.

Mambo yaliyokwisha kufika ni mengine. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa mwaka 2015. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ilianza kutoa huduma mwaka 2021 eneo la Mitengo. Bandari imeongezewa gati, inasafirisha makaa ya mawe, na tangu msimu wa 2023 korosho za mikoa ya kusini zimeelekezwa kupitia hapo. Kuna walimu, wauguzi, watumishi wa benki, watafiti wa Naliendele na wanafunzi wa vyuo.

Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba ya kupangisha ana swali moja la kuanzia. Nani anapokea mshahara katika mji huu mwezi huu, na anapenda kulala mtaa gani?

Yanayosemwa uani

Uani, binti mmoja anaosha vyombo, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Mnanunua nyumba?"

"Tunaangalia. Maji mnapata?"

"Yanatoka siku mbili tatu kwa wiki. Siku nyingine tunanunua madumu."

"Na chumba mnalipa ngapi?"

"Thelathini na tano. Alitaka kupandisha arobaini, wawili wakahama, akarudisha."

"Nyumba ya mbele anakaa nani?"

"Alikuwepo mwalimu, alikuwa analipa laki mbili. Amehamishwa. Tangu aondoke ipo tu."

Mazungumzo hayo yamechukua dakika nne, na yamebadilisha kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari. Dalali hakutunga nyumba. Alitaja kodi ambayo mwenye nyumba angependa kuipata. Mpangaji ametaja kodi inayolipwa.

Mzazi anayetaka uhakika zaidi huuliza nyumba tatu au nne za jirani, hupita dukani, huongea na dereva wa bajaji. Huuliza chumba kikiachwa wazi kinakaa muda gani kabla ya kupata mtu. Huuliza masika maji hupita wapi. Hayo hayamo kwenye hati.

Hesabu ya mezani

Usiku ule, katika chumba cha nyumba ya wageni, mke anafungua daftari.

"Baba watoto, hebu nisomee namba, mimi nijumlishe."

Namba ni hizi, na kila familia inaweza kuweka za kwake:

Nyumba ya mbele ni Sh200,000 kwa mwezi. Vyumba vinne kwa Sh35,000 ni Sh140,000. Jumla ni Sh340,000 kwa mwezi, sawa na Sh4,080,000 kwa mwaka, nyumba ikiwa imejaa wakati wote.

Lakini nyumba haijai wakati wote. Wanakadiria nyumba ya mbele itakaa wazi miezi miwili kwa mwaka, na vyumba vya uani mwezi mmoja. Hiyo ni Sh540,000. Inabaki Sh3,540,000.

Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10, yaani Sh354,000.

Matengenezo ya bati, rangi, shimo la choo, kitasa na bomba wanayatengea Sh500,000 kwa mwaka.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye Luku ni Sh18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Wakiongeza kodi ya ardhi na vidogo vingine, wanaweka Sh60,000.

Kinachobaki mkononi ni Sh2,626,000 kwa mwaka.

Mume anaitazama namba hiyo kwa muda. Dalali alisema milioni sita.

Ukigawa Sh2,626,000 kwa Sh60 milioni unapata asilimia 4.4 hivi kwa mwaka. Ingechukua karibu miaka 23 kurudisha fedha yao kwa kodi peke yake, na riba ya mkopo wa saccos haijaguswa. Kwa kulinganisha, hati fungani za Serikali za miaka 20, kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2022, zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, na hazina bati la kuziba.

Ni kweli nyumba ina jambo ambalo hati fungani haina. Kodi inaweza kupanda bei za vitu zinapopanda, kiwanja kinaweza kuongezeka thamani, na watoto wanaweza kuja kuishi hapo. Kwa ajili hiyo, wenzi hawa wanakubaliana kwamba wao watatosheka na asilimia 7. Sasa wanageuza hesabu. Sh2,626,000 ukigawa kwa 0.07 ni Sh37.5 milioni.

Hiyo ndiyo thamani ya nyumba ile kwao kama wawekezaji. Haipangwi na shida ya muuzaji, wala na treni ambayo haijafika.

Njia tatu, majibu matatu

Walichofanya wenzi hawa ndicho wathamini hukiita njia ya mapato. Zipo njia nyingine mbili, na mwenye busara huzitumia zote.

Ya kwanza ni kulinganisha. Nyumba za namna hiyo, mtaa uleule, ziliuzwa kweli kwa bei gani ndani ya mwaka mmoja au miwili? Neno la kushika ni "ziliuzwa". Bango la "inauzwa" lililokaa miaka mitatu linaonyesha bei iliyokosa mtu. Tuseme wanapata tatu zilizouzwa kwa Sh42 milioni, Sh46 milioni na Sh50 milioni. Kati yake ni Sh46 milioni.

Ya pili ni gharama. Kiwanja cha namna hiyo kitupu kinauzwaje, na kujenga nyumba kama ile leo ni shilingi ngapi? Tuseme kiwanja ni Sh10 milioni na ujenzi ni Sh50 milioni. Nyumba imetumika miaka kadhaa na inahitaji paa jipya, hivyo fundi anakata robo ya gharama ya ujenzi kwa uchakavu. Inabaki Sh37.5 milioni, jumlisha kiwanja, unapata Sh47.5 milioni.

Majibu matatu hayafanani: mapato Sh37.5 milioni, ulinganisho Sh46 milioni, gharama Sh47.5 milioni. Pengo hilo lenyewe linasema kitu. Katika mji ambao viwanja bado vinapatikana na wengi wanajijengea wenyewe, nyumba inaweza kugharimu zaidi ya inachoweza kuingiza. Anayenunua ili aishi na familia yake anaweza kulipa Sh46 milioni bila kujilaumu. Anayenunua ili kodi ilipe ada hana budi kuanzia Sh37.5 milioni na kupanda kwa tahadhari.

Familia isiyoamini hesabu yake inaweza kumlipa mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Benki humhitaji pia kabla ya kutoa mkopo kwa dhamana ya nyumba. Ripoti yake huweza kuonyesha thamani ya soko, na pia thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo huwa chini. Mzazi asome zote mbili, kwa sababu siku ya ugonjwa au ada ya ghafla atakuwa anauza kwa haraka.

Siku ya pili dalali anawaletea ofa nyingine: eneo la ufukweni upande wa Msimbati, bei nafuu, mandhari ya kupendeza. Mchanga ni mweupe kweli, na mikoko ya mdomo wa Ruvuma haiko mbali. Ila ukanda huo una Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na ardhi ya kijiji haiuzwi kwa kupeana mikono na dalali. Ina taratibu zake mbele ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi usiyoruhusiwa kujenga haina kodi ya kukokotoa. Wenzi wanashukuru na kurudi mjini.

Sahihi iliyokosekana

Inabaki nyumba ya Chuno, na karatasi zake. Muuzaji ana hati, na mume anaitaka nakala ili wakafanye upekuzi ofisi ya ardhi: jina ni la nani, miaka ya umiliki imebaki mingapi, je kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Nguzo za mipaka wanazitafuta wenyewe kwenye mchanga. Tatu zinaonekana, ya nne imefunikwa na tofali za jirani. Hilo nalo ni gharama, liandikwe.

Halafu mke anauliza swali ambalo mumewe hakulifikiria.

"Baba, mama wa nyumba hii yuko wapi? Tungependa tumsalimie."

Muuzaji anakohoa. "Yuko kijijini. Haya ni mambo yangu, mama. Hati ina jina langu."

Sheria haioni hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inalinda haki ya mwenza hata kama jina lake halimo kwenye hati. Mnunuzi asiyepata ridhaa hiyo kwa maandishi anaweza kujikuta mahakamani na nyumba aliyokwisha kuilipia. Kwa mwekezaji, nyumba ya namna hiyo ina thamani ndogo kuliko hesabu yoyote ya kodi. Na kwa mzazi, kuna jambo jingine la kuwaza: mwanamke aliyeko kijijini, ambaye huenda akarudi na kukuta watu wengine wanakaa kwake.

Wenzi wanaacha neno lao: Sh40 milioni, mkewe asaini, na wakili awepo. Muuzaji anacheka kwa hasira. Dalali anawasindikiza mpaka kwenye bajaji akiwa amenuna.

Kwenye basi la kurudi, wanapita Mikindani, wanapita Lindi, na baadaye Somanga, ambako Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii. Mume amenyamaza muda mrefu.

"Mama watoto, tungekuwa tumeshalipa."

"Wewe ndiye ungekuwa umeshalipa," anajibu mke, na wote wawili wanacheka.

Baada ya wiki mbili simu inaita. Ni dalali. Nyumba haijafika sabini. Sasa ni hamsini, na kwa sababu ni wao, inaweza kushuka tena kidogo.

Mke anafungua daftari.

"Nashukuru, mwanangu. Nyumba ya mbele imeshapata mpangaji?"

"Bado, mama."

"Na mama mwenye nyumba, ameshasaini?"

Dalali anasema atawapigia tena.